Mama Mkwe Hatoki Jikoni

Mara ya kwanza niliposimama sokoni Rongo kuuza majiko, watu walinipigia makofi. Walipiga kwa dhati, kama wanavyompigia mwanafunzi aliyekariri shairi bila kukwama, kisha wakaokota vikapu vyao wakaenda kununua vitunguu. Mama mmoja mzee alinishika mkono akaniambia kwa Kijaluo kwamba wazazi wangu hawakupoteza karo yao. Hakununua jiko. Hakuna aliyenunua.

Miaka ya tisini ilikuwa bado michanga. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani muda wa kutosha mpaka majirani wakaacha kuniuliza nitasomea nini. Karibu na kwetu kulikuwa na kikundi cha akina mama wafinyanzi. Zamani walifinyanga mitungi ya maji, lakini jerikeni za plastiki zilikuwa zimeingia kila nyumba, na mitungi ikabaki ya kuwekea maji ya kunywa ya wazee tu. Mradi mmoja ukaja ukawafundisha kutengeneza jiko la udongo. Lilikuwa kitu rahisi: mfano wa chungu kisicho na kitako, chenye mdomo upande mmoja wa kuingizia kuni. Unalipeleka nyumbani, unalizungushia mawe na udongo mbichi, na likikauka unapikia hapo badala ya mafiga matatu. Lilikula kuni chache, na moshi wake ulikuwa mwembamba.

Kulifinyanga na kulichoma, akina mama walijua. Kuliuza ndiko kulikowashinda. Mimi nilikuwa na sifa ya kushinda midahalo ya shule, basi mwenyekiti wa kikundi akaja kwa mama yangu kuniomba, amevaa nguo za kanisani kama mtu aliyekuja kuposa.

"Tunataka mdomo wake tu," alimwambia mama. "Mikono abaki nayo."

Afisa wa mradi, kijana mpole aliyekuwa na ofisi Homa Bay, alinipa chati ya karatasi ngumu iliyoandikwa faida sita za jiko kwa wino mwekundu. Ndizo nilizozisoma Rongo siku ile. Kwanza, linapunguza kuni kwa nusu. Pili, linapunguza moshi. Tatu, linazuia watoto kuungua. Nilinyoosha kidole kwenye kila mstari, nikatua pale mwalimu wetu wa Kiswahili alipotufundisha kutua. Nilirudi nyumbani na majiko yote juu ya mkokoteni, na mwenyekiti alipoyaona aliyatazama moja moja, kana kwamba kasoro ilikuwa kwenye udongo.

"Walisemaje?" aliniuliza.

"Walipiga makofi."

Alifikiri kidogo. "Basi wiki ijayo ongea vibaya tuone."

Sikuongea vibaya, lakini nilianza kusikiliza wengine. Siku ya soko Awendo nilipangwa karibu na mwanamume aliyeuza dawa ya panya. Alikuwa na kipaza sauti kilichofungwa kwa mpira, na mbele yake panya mkavu amening'inizwa mkia juu. Nilisikia watu wakisema kwamba zamani alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akaacha kwa hiari yake kwa sababu soko lilimlipa vizuri zaidi. Nilitega sikio asubuhi nzima.

Huyu bwana hakusema hata mara moja kwamba dawa yake ni kali. Alisimulia habari ya mama mmoja wa kwaya. Jumamosi mama yule alipiga pasi gauni lake jeupe akalitundika ukutani. Jumapili asubuhi akakuta panya amekula kitambaa mgongoni, tundu la ukubwa wa sahani. Gauni lingine la kwaya hakuwa nalo. Basi akaenda kanisani akaimba huku ameegemea ukuta, na kila kwaya ilipogeuka kuwatazama wazee wa kanisa, yeye peke yake alibaki anawatazama waumini. Yule muuzaji aliigiza yote: macho ya mwalimu wa kwaya, mgongo wa mama umegandana na ukuta, jirani anayemvuta mkono ageuke. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Halafu akashusha sauti.

"Jumatatu alikuja kwangu," akasema, akatoa pakiti moja mfukoni. Akanyamaza. Akamgusa panya mkavu kwa kidole, panya akazunguka polepole kwenye uzi. "Jumanne, huyu hapa."

Pakiti ziligombewa.

Nilijiambia kumbe ni kuchekesha tu. Wiki iliyofuata, Awendo hapohapo, niliiacha chati kwenye mkokoteni nikatoa hadithi yangu. Ilihusu mwanamume aliyerudi kutoka safari akamkuta mwanamke mlangoni, mweusi kwa masizi kutoka utosini mpaka kidevuni. Akamsalimia kwa heshima akamwuliza, "Mama, makaa unauzaje?" Kumbe ni mke wake, katoka kupika ugali kwenye mafiga. Wanaume walicheka, mmoja akajipigapiga mapaja. Wanawake walijifunga leso zao vizuri wakaondoka, kundi zima kwa pamoja, kama waliosikia kengele. Halikutoka hata jiko moja.

Jioni, tulipokuwa tukifunga mizigo, yule muuza dawa alinijia akiwa na chai kwenye kikombe cha bati.

"Ulianza vizuri," akasema.

"Na mwisho?"

"Mwisho ndio nakuuliza. Mama wangu wa kwaya nilimwacha wapi?"

Nikafikiri. "Panya amekufa. Atashona gauni jingine."

"Ee. Jumapili inayofuata anageuka na wenzake. Sasa mama wako wewe, umemwacha wapi?"

Nilikuwa nimemwacha mlangoni, na masizi usoni, na mumewe anamcheka.

"Hakuna mwanamke hapa sokoni anayetaka kuwa yule," akasema. "Kwa hivyo hakuna anayetaka kitu chake." Akamwaga makapi ya chai chini. "Tafuta mtu aliyenunua. Mtu wa kweli. Umwulize alifika wapi."

Shida ni kwamba walionunua walikuwa wachache na wengi wao walikuwa shangazi zangu. Shangazi wangu mmoja alikuwa akitumia jiko lake kama kiota cha kuku. Lakini kulikuwa na mwanamke mmoja wa Uriri, wa umri wangu au kunizidi kidogo, aliyenunua siku nilipokuwa nauza kwa sauti iliyokaribia kulia. Nilikuwa na hakika alinunua kwa huruma. Siku moja nikamwona sokoni Migori, karibu na duka la mzee mmoja Mwislamu wa kutoka pwani aliyeturuhusu kuweka majiko yetu barazani kwake, na ambaye kila nikisema "majiko hii" alikohoa mpaka niseme "majiko haya". Nilimkimbilia yule mwanamke nikamshika mkono.

"Dada, jiko linaendaje?"

"Jiko?" Alivuta pumzi. "Hiyo jiko yako imeniletea mambo."

Nikamwuliza limevunjika?

"Halijavunjika. Ni mama." Alikuwa anamsema mama mkwe wake, mjane, mwenye nyumba yake boma lile lile, hatua chache kutoka jikoni kwake. "Miaka yote hakuingia jikoni kwangu. Akitaka kitu anaita nje. Chakula napeleka kwake, tunasalimiana, basi. Watu wakisema hatupatani, na mimi nikiona ni kweli. Sasa umeniuzia jiko, moshi umeisha. Mama amekuja kuangalia. Akakaa. Kesho yake akarudi. Sasa hatoki!"

"Hatoki?"

"Asubuhi nikiamka kuwasha moto, yuko mlangoni na kiti chake. Anachambua mboga, anaongea. Anaongea, dada! Ameniambia habari za watu waliokufa kabla bwana yangu hajazaliwa. Hata mbuzi wake, yule wa sikio lililokatika, anamfuata ndani, analala karibu na jiko kama mgeni. Juzi nilitaka kupika nyoyo" — huo ni mchanganyiko wetu wa mahindi na maharagwe, unaochemka nusu siku — "nikasema leo nitapumzika ikichemka. Wapi! Ameniimbia."

Alikuwa amejishika kiuno kama mtu anayeshtaki, lakini mdomo ulimsaliti. Alikuwa anacheka kwa upande mmoja.

Nikamwuliza kama naweza kuyasimulia hayo sokoni. Akatazama huku na huku.

"Simulia. Lakini usitaje jina langu wala kijiji. Mama akisikia, nitahama."

Nikaahidi. Na nilitimiza: jina sikulitaja, wala kijiji.

Ile habari niliisimulia siku hiyohiyo barazani Migori, na kwa mara ya kwanza niliona nyuso zikibadilika nikiwa bado naongea. Nilipofika pale pa "sasa hatoki", wake za watu walipiga kelele. Akina mama wazee walikunja midomo, lakini hawakuondoka, na mmoja wao ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza, "Hiyo jiko iko wapi?" Alinunua la kumpelekea mke wa kijana wake. Wakwe walinunua, wake walinunua, na mwanamume mmoja alinunua akasema labda sasa nyumba yake itapata amani, au vita viishe mara moja. Mzee wa duka alitoka nje kuona kuna nini. Faida sita nilizitaja baadaye, watu walipoanza kuuliza wenyewe, na niligundua kwamba zilikuwa tamu kumbe, zikija baada ya swali.

Nikaipeleka Rongo, nikaipeleka Awendo. Watoto wakaanza kuniita "nyar kendo", binti wa meko. Kadiri nilivyoirudia ndivyo nilivyojua pa kwenda pole na pa kunyamaza. Niligundua kwamba yule mbuzi alikuwa muhimu sana. Nikimwacha mbuzi, watu walinisikiliza. Nikimtaja, na sikio lake lililokatika, waliliona jiko lenyewe, na moto, na kiti cha bibi. Basi sikumwacha kamwe.

Ndivyo nilivyofika naye Ogwedhi. Soko la mifugo la Ogwedhi ni la mpakani, watu wanatoka huku na kule: Wajaluo wa Uriri, Wakuria, Wamaasai wanaoshuka na ng'ombe. Lugha ya wote pale ni Kiswahili, kila mtu na chake. Nilipanda juu ya jiwe nikaanza. Niliona Wamaasai wawili wakisimama na fimbo zao, na mwanamke Mkuria akimweka mtoto begani ili asikie vizuri. Habari ya mama mkwe haikuhitaji mtu wa kutafsiri. Nikafika kwa mbuzi.

"...na mbuzi wake, yule wa sikio lililokatika, anamfuata hadi ndani..."

"Sikio gani?" sauti ikauliza kutoka nyuma.

"La kushoto," nikasema bila kufikiri.

Watu wakageuka. Nyuma yao alisimama bibi mwembamba, mrefu, kitambaa cha buluu kichwani, macho yake yametanda ukungu. Mkononi alishika kamba, na mwisho wa kamba alikuwa mbuzi wa kahawia. Sikio lake la kushoto lilikuwa nusu.

Soko la Ogwedhi halinyamazi, ng'ombe hawajui kunyamaza, lakini watu walinyamaza. Walimtazama mbuzi. Wakamtazama bibi. Wakanitazama mimi juu ya jiwe langu. Nilitamani jiwe lile liwe na mlango.

"Mbuzi ni huyu," bibi akasema. "Na huyo mama ni mimi."

Kicheko kilichotoka hapo sijawahi kukisikia tena. Mmaasai mmoja aliinama akalishika sikio la mbuzi kuhakikisha. Mimi nilishuka kwenye jiwe, nikamwendea yule bibi nikapiga goti kidogo, nikasema, "Nisamehe, dani." Dani ni bibi kwa lugha yetu. Alimpa kamba mtu aliyesimama karibu, akapapasa njia kwa mguu mpaka kwenye jiwe, akasimama kando yake.

"Wamesema sitoki jikoni," akawaambia watu, kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Ni kweli. Lakini huyu msichana amewapa nusu. Nusu ingine iko na mimi."

Watu wakasogea karibu.

"Macho yangu ilianza kuharibika kitambo. Sikuambia mtu. Siku moja niliingia jikoni ya bibi ya kijana yangu, moshi imejaa, sioni kitu. Nikagonga sufuria ya uji. Ikamwagika karibu na mtoto. Kidogo tu imchome. Bibi ya kijana yangu akanyamaza. Na mimi nikanyamaza. Nikaenda kwangu nikasema, sitaingia huko tena, siku ingine nitaua mtoto. Wakisema nina maringo, nikaacha waseme. Maringo ni afadhali."

Alipoendelea, sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza bei ya mtama.

"Sasa moshi hakuna. Naona moto iko wapi, naona sufuria iko wapi. Mtoto akipita naona. Ndiyo maana nimekaa. Na nitakaa. Mwambie hivyo." Akanigeukia. "Na mboga nachambua vizuri kuliko yeye."

Mwanamke Mkuria aliyembeba mtoto alikuwa anafuta macho kwa mkono wake. Majiko niliyokuja nayo yaliisha kabla jua halijafika katikati. Mbuzi naye, ambaye bibi alikuwa amemleta kuuza, aliuzwa haraka. Yule Mmaasai aliyemshika sikio hakutaka kumwacha.

Nilienda Uriri wiki ile ile, nikiogopa. Niliwakuta wote wawili jikoni, bibi kwenye kiti chake, mkwewe anakoroga. Mkwewe aliponiona aliinua mwiko.

"Nilikwambia usitaje jina, ukataja mbuzi!"

"Hukusema mbuzi."

"Nani anajua jina langu Ogwedhi? Lakini mbuzi!" Akacheka, akanisogezea kigoda. Bibi alipotoka kidogo nje, aliinama karibu yangu. "Sikujua kwamba ni ule uji uliomzuia kuingia," akasema. "Siku ile nilinyamaza kwa sababu nilishtuka tu. Nikadhani yeye ndiye alikasirika, akanidharau. Miaka hiyo yote." Alirudisha mwiko kwenye sufuria akakoroga muda mrefu, na uji ulikuwa tayari umeiva.

Tangu hapo nilijiwekea utaratibu. Kabla sijaipeleka habari ya mtu sokoni, nilikaa naye nikamsimulia kwanza mwenyewe, aisikie inavyotoka mdomoni mwangu. Mara nyingi aliniongezea kitu ambacho nisingekijua, na mara nyingi hicho alichoongeza ndicho watu walichokwenda nacho nyumbani.

Mwaka uliofuata kikundi kilihitaji tanuri. Tulikuwa tunachoma majiko kwa kuyafunika nyasi na kuni uwanjani, na mvua ikinyesha mzigo mzima unapasuka. Afisa akaniita Homa Bay: wafadhili wanakuja, mama mmoja wa Kizungu na wanaume wawili kutoka Nairobi, na mimi ndiye nitakayezungumza. Alikuwa ameandika chati mpya.

"Naomba nije na watu wawili," nikamwambia.

Aliposikia ni akina nani, alikuna kichwa. "Wageni hawa wanataka hoja. Hawana muda wa hadithi."

"Hoja ziko ukutani," nikasema. "Tuzitundike. Mimi nitaleta waliozibeba."

Akakubali, labda kwa sababu chati ilikuwa tayari imetundikwa na ilipendeza.

Tulikutana katika ukumbi wa kanisa, madirisha yametazama ziwani. Bibi alikuwa amevaa viatu vya kuazima na akavivua mara tu alipokaa. Nilimkaribisha azungumze kwa Kijaluo, nami nitafsiri. Akaanza na harusi yake. Akaeleza ng'ombe walioletwa kwao, rangi ya kila mmoja. Nilimwona afisa akitazama saa. Sikuweza kumkatiza mtu mzima mbele ya wageni, na sikuweza kuwapa wageni ng'ombe wote wale. Nikajifunza papo hapo kuwa daraja lenye mlango. Alipozungumza kwa muda mrefu, mimi nilisema kwa ufupi: "Anasema aliolewa zamani, na jiko la kwanza alilopikia lilikuwa la mama mkwe wake mwenyewe." Hilo ng'ombe walikuwa wamelificha, lakini lilikuwamo, alilisema kwa sauti ya chini kati ya ng'ombe wawili. Mama wa Kizungu aliinua kichwa. Tangu hapo tulikwenda vizuri. Alipofika kwenye uji uliomwagika sikupunguza hata neno.

Kisha mmoja wa wanaume wa Nairobi akauliza swali lake, kalamu tayari mkononi: jiko linaokoa kuni kiasi gani?

Afisa akaonyesha chati. "Nusu."

Kalamu haikusogea. Bibi akaniuliza ameuliza nini, nikamwambia.

"Mwambie," akasema, "zamani huyu alikwenda kuni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Sasa Jumatano yuko nyumbani."

Nikatafsiri. Mwanamume yule akaiweka kalamu mezani. Akamtazama mkwe wa bibi, aliyekuwa kimya tangu tulipoingia, mikono mapajani.

"Na Jumatano, mama, unafanya nini siku hizi?"

Nilijua anachotegemea. Hata afisa alijua, nilimwona akimkonyeza: biashara, bustani, kisomo cha watu wazima. Mwanamke alitazama chini, akatazama mama mkwe wake, akasema kweli.

"Jumatano nalala mchana."

Ukumbi mzima ulicheka, na nilipotafsiri, mama wa Kizungu alicheka akafunika uso, akasema kitu ambacho sikukitafsiri kwa sababu hakikuhitaji: kwamba yeye pia angependa Jumatano kama hiyo. Bibi akaongeza kwa Kijaluo, "Na anakoroma," nikalipitisha hilo pia.

Tanuri tulilipata. Lilikuwa dogo kuliko lile la kwenye mchoro, na bati lake lilivuja upande mmoja, lakini mvua ya masika iliyofuata haikupasua jiko hata moja. Siku ile baada ya mkutano tulikwenda watatu sisi kula samaki karibu na gati. Bibi alikula ngege mzima, akachambua miba kwa vidole vyake bila kuhitaji macho, akalalamika kwamba pilipili ilikuwa kidogo. Nilikaa kati yao nikiwa na raha ambayo sikuwahi kuipata kwenye makofi.

Kutoka hapo kazi ilikua. Nilitumwa visiwani, Takawiri kwanza, kisha Remba. Huko nilikwenda na habari yangu nikiwa na uhakika nayo kama mtu aliyebeba chakula kilichoiva. Remba ni kisiwa kilichojaa watu kuliko soko lolote la bara. Nyumba za mabati zimebanana, kila kipande cha mwamba kimetandazwa omena, wale dagaa wa ziwa letu. Miti hakuna. Nikaona hapa jiko litajiuza. Nikasimama, nikamsimulia mama mkwe, nikamleta mbuzi. Wanawake waliokuwa wakigeuza omena walinisikiliza kwa adabu bila kusimamisha mikono.

Nilipomaliza, mmoja akasema, "Ni habari nzuri. Lakini hapa hakuna mama mkwe. Wote tumewaacha ng'ambo."

"Na mbuzi atakula nini?" mwingine akauliza, na wenzake wakacheka.

Nilicheka nao. Hakukuwa na la kufanya. Nikakunja turubai langu, nikavua viatu, nikaketi juu ya beseni lililofunikwa karibu na yule wa kwanza, nikaanza kumsaidia kutoa takataka kwenye omena. Jua lilikuwa kali na harufu ya samaki ilikuwa imeshaingia kwenye nywele zangu.

"Leo mmepika nini?" nikamwuliza.

Akaguna. "Kupika? Wewe hujui kuni hapa zinakuja na mashua?"

"Sijui."

"Zinakuja na mashua. Moto mmoja, sisi wanne. Wa kwanza anapika, wa pili anangoja, wa tatu, wa nne. Wa nne ni mimi." Alitupa jani baharini — wao ziwa waliliita bahari, wote — akapangusa mikono kwenye leso. "Jana bwana yangu amerudi kutoka kuvua, amelowa, ana njaa. Sufuria yangu haijaona moto. Unajua alifanya nini?"

"Alifanya nini?"

Wenzake walikuwa wameanza kucheka kabla hajafungua mdomo, maana wao waliijua. Nikasogeza beseni langu karibu, nikamwomba aanze tangu mashua ilipotia nanga.